Betri ya Laptopu ya Mwalimu

Utrecht, Uholanzi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti kutoka Ijumbi, Muleba, niliusikiliza nikiwa kwenye treni, na mama aliyekaa mbele yangu nadhani aliamini nimefiwa, kwa jinsi nilivyokuwa nikitikisa kichwa na kusema pole. Umeme umekata, laptopu imezima papo hapo, maswali ya mtihani wa kidato cha pili yamekwenda nayo. Kisha ukamalizia: "Shangazi, nitumie betri mpya, huko Ulaya si zimejaa?"

Hapo kwenye "zimejaa" ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu barua ya mwezi huu ni yako peke yako. Wengine waniwie radhi.

Laptopu za zamani hapa zimejaa kweli. Betri za laptopu za zamani ndizo hazipo. Mtu akiona chaji inakaa nusu saa tu, haulizi betri inauzwa wapi, anaanza kuangalia laptopu mpya. Usidhani wote ni matajiri. Saa moja ya fundi hapa ni ghali mno, na ukijumlisha na bei ya betri, unakaribia bei ya laptopu nyingine iliyotumika. Yangu ilipofika hapo niliipeleka duka moja mjini. Kijana wa dukani hakuwa hata na bisibisi mkononi. Aliigeuza, akasoma kibandiko, akasema betri ya namna hii haitengenezwi tena, kisha akanyoosha kidole kwenye meza ya laptopu mpya. Na laptopu yenyewe ilikuwa nzima, kioo safi, kibodi safi. Zikiachwa hivyo, nyingi huishia kwenye mitumba, na huenda ile uliyonunua Bukoba ilipitia njia hiyo hiyo.

Aliyenisaidia kujua tatizo nilimpata kwenye ukumbi wa mtaa, siku ya Jumamosi. Wenyewe wanapaita Repair Café. Mwandishi wa habari mmoja, Martine Postma, ndiye aliyeanzisha mtindo huo Amsterdam mwezi Oktoba 2009, na sasa umeenea nchi nyingi. Unaleta pasi yako mbovu, redio yako, cherehani yako, unakaa na mtu anayejua kutengeneza, mnafungua pamoja. Hulipishwi, ila kuna kopo la kuchangia na kahawa nyepesi ambayo mtu wa Muleba angeimwaga. Nilicheka kimoyomoyo. Wazungu wamelazimika kuunda chama ili wapate kitu ambacho wewe unakipata kwa kushuka na bodaboda hadi kwa fundi wa njia panda.

Mzee mstaafu aliyeishika betri yangu aliipasua gamba taratibu kwa kisu butu. Ndani mlikuwa na seli sita za mviringo, kila moja upana wa milimita 18 na urefu wa 65, zimeunganishwa mbilimbili kwa vibati vyembamba, na kando yake kibao kidogo cha saketi chenye nyaya. Akachukua mita, akagusa jozi ya kwanza: volti 3.9. Ya pili: 3.9. Ya tatu: 1.1. Akaigusa tena ya tatu, akanitazama juu ya miwani. Yote ilikuwa hiyo. Seli ya lithiamu ikishuka kiasi hicho si salama kuichaji tena, na ile saketi inajua; ikiona jozi moja imekufa inafunga betri yote. Seli nne nzima zilikuwa zimehukumiwa pamoja na mbili mbovu. Nikamwuliza kama angeweza kubadilisha hizo mbili tu. Akakataa katakata: seli mpya na za zamani hazichaji sawasawa, na joto la kuchomelea likizidi, seli inaweza kuwaka. Kwa hiyo fundi yeyote akikuambia atakuchomelea mbili kwa bei poa, mshukuru, uondoke.

Betri hizi huzeeka hata ukizitunza. Sony ndiyo iliyoziuza kibiashara kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliochangia kuzivumbua walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na miaka 97. Hakuna betri yake iliyofika nusu ya umri huo. Ya laptopu ikichajiwa mara 300 hadi 500 huwa imeanza kupungua nguvu, na kinachoimaliza haraka ni kukaa imejaa huku ina joto. Yako ilikaa kwenye chaja mchana na usiku, kwa vile hukujua umeme utakata saa ngapi. Sikulaumu. Umeme wa Kagera kwa miaka mingi ulituvukia mpaka kutoka Uganda kwa laini ya Masaka, na Masaka ikikohoa sisi tulikuwa tunalala giza. Ndiyo maana hapo kwenu betri ina kazi kubwa kuliko hapa. Mimi nikipoteza yangu nakosa kufanya kazi nikiwa kwenye treni. Wewe ukipoteza yako unakosa kazi ya mwezi.

Sasa kuhusu kutuma. Posta hawataichukua betri ya lithiamu iliyo peke yake kwenda nje ya nchi, na tangu Aprili 2016 betri hizo zimepigwa marufuku kusafirishwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa sababu ya moto. Anayeweza kuibeba ni msafiri, tena mkononi, si kwenye sanduku la chini. Isizidi wati-saa 100, na ncha zake za umeme zifunikwe zisigusane na chuma. Ya kwako ni volti 11.1 na miliampia-saa 4400. Zidisha, ugawe kwa 1000, utapata kama wati-saa 49. Inaruhusiwa. Unajua Desemba wana Kagera wote wenye nauli hurudi nyumbani, na yupo mmoja wa hapa atakayepitia Entebbe na Mutukula. Nikifanikiwa kuipata, atakuletea; nimeshamdokeza.

Lakini Desemba ni mbali na mitihani haisubiri. Betri ile itoe kabisa, maana yako ni ya kuchomoa kwa chini, kisha washa kwa chaja peke yake. Nyingi huwaka vizuri tu. Halafu usitegemee umeme wa ukutani. Baba yako ana betri ya sola ya volti 12, ile ya ampia-saa 100. Nunua chaja ya laptopu ya kwenye gari; inapandisha volti 12 kuwa 19, na haina haja ya inveta inayokula umeme bure. Laptopu kama yako, ukiandika tu bila video, hula wati 20 au 30. Ukitumia nusu tu ya umeme wa betri ile ya sola, unaandika zaidi ya saa kumi na tano. Mwombe baba yako kwa adabu, asije akakosa taarifa ya habari kwa ajili yako. Ila hakikisha volti na kichwa cha chaja vinalingana na laptopu yako, na radi ikianza kunguruma kutoka ziwani, chomoa kila kitu.

Ulilalamika pia kwamba ukiwasha, tarehe inarudi miaka nyuma na barua pepe inakataa kufunguka. Hiyo ni betri nyingine kabisa, kidonge cha volti 3, mara nyingi kile kiitwacho CR2032, kiko ndani karibu na ubao mkuu. Ndicho kinachotunza saa laptopu ikizimwa. Saa ikikosea, tovuti zinadhani hati zao za usalama ni batili na zinakufungia mlango. Kidonge hicho hupatikana hata kwa wauza saa Bukoba. Kwenye laptopu nyingine kimeshikwa na waya mdogo, basi fundi achukue chenye waya.

Ukiona betri ya laptopu yako inauzwa Bukoba kabla ya Desemba, usiikimbilie kwa kung'aa kwake. Linganisha namba ya betri, herufi kwa herufi, kisha volti. Ukisoma miliampia-saa 9000 kwenye betri ya seli sita kama yako, cheka tu, kwani seli bora kabisa ya saizi ile haivuki sana 3500, na zinapounganishwa mbilimbili haziwezi kufika huko. Omba mizani ya duka la jirani. Seli moja ni gramu 45 hivi, kwa hiyo sita peke yake ni 270. Ikiwa betri nzima haifiki hapo, ndani kuna hewa. Na kabla hujalipa, iweke, ichaji ijae, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakuletea ukurasa wenye uwezo iliyoundwa nao na uwezo ilio nao leo. Muuzaji akikataa usipime, jibu umeshapata.

Ile ya zamani nisisikie imetupwa kibanjani chini ya migomba, wala kwenye shimo la taka linalochomwa jioni. Hapa tunazirudisha dukani kwenye kisanduku chake. Hapo kwenu mpe fundi wa Bukoba. Wapo wanaotoa seli zilizo nzima na kuzitia kwenye tochi, na baadhi ya seli za yako huenda bado zina kazi. Ila kama imevimba hata kidogo, asiifungue mtu yeyote. Iweke nje kwenye kopo la mchanga, mbali na watoto, mpaka umpate wa kuichukua.

Nipigie picha ya vibandiko vya chini, vyote viwili: cha laptopu na cha betri. Piga mchana, uani, maana maandishi yale ni madogo na macho ya shangazi yako si yale uliyoyazoea.

Shangazi yako