Kiapo cha Ugenini: Louisville, Columbus na Buffalo

Ukimuuliza Mkongomani wa Louisville, Kentucky, habari ya uraia, atakujibu kwanza habari ya kazi. Uwanja wa ndege wa mji huu una jina la Muhammad Ali, aliyezaliwa hapa mwaka 1942, na shughuli yake kubwa ni ya usiku. Kampuni ya UPS ina kituo chake kikuu hapo, Worldport, na ndege za mizigo hushuka moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Ndani, watu wa Uvira, Fizi na Bukavu wanapanga vifurushi bega kwa bega na Wacuba na Wanepali. Wengine wako Butchertown, kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Mimi ni mtu wa Kigoma, na karibu kila nyumba niliyokaribishwa kusini mwa mji ilikuwa na mtu aliyepita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996. Tulikuwa na mengi ya kuulizana kabla chai haijamiminwa.

Baba mmoja wa Minembwe, raia wa Marekani sasa, aliniambia hivi: "Kule kwetu walisema mimi ni Mnyarwanda. Kigoma mliniita mkimbizi. Huku siku ya kiapo hakuna aliyeniuliza babu yangu alizaliwa wapi." Yeye ni Munyamulenge, Mtutsi wa milima ya Kivu, na watu wake wameijua habari ya uraia kwa uchungu. Sheria ya Zaire ya mwaka 1972 iliwatambua watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawavua, ikamtaka mtu aonyeshe kwamba kabila la wazee wake lilikuwa ndani ya mipaka hiyo tangu 1885. Ni nani kijijini mwenye cheti cha mwaka 1885?

Jirani yake, mzee wa Kibembe kutoka Fizi, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Yeye ana grinikadi na hana haraka. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Congo ni mmoja na haukai pamoja na mwingine. Akila kiapo cha Marekani, wa kwao umekwenda. "Shamba langu liko kule, makaburi ya wazazi yako kule," alisema. "Niingie kwetu Baraka kwa viza?" Wakabishana, wakiitana Papa, sahani ya bugali na sombe katikati yao. Huko kwao milimani jamaa zao wamechomeana vijiji miaka nenda rudi. Hapa wanaazimana gari. Niliona aibu kidogo kuwauliza imewezekanaje, lakini nikauliza. Munyamulenge alisema watoto wao walipelekwa shule moja, wakaanza kuitana ndugu kabla wakubwa hawajajua majina ya koo.

Nilimwelewa yule wa Fizi, maana hata mimi sijui kama ningeweza kuinua mkono na kukana utii kwa nchi nyingine zote, kama kiapo chao kinavyotaka. Lakini hofu yake ni ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kwao si kwao. Mwenzake ameambiwa hivyo, na uraia kwake ni ukuta wa kuegemea mgongo.

Hoja hiyohiyo ya kupenda nchi mbili ilishapata mtetezi mzaliwa wa Louisville. Louis Brandeis alizaliwa hapa mwaka 1856, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliotoka Prague baada ya misukosuko ya 1848. Mwaka 1916 akawa Myahudi wa kwanza kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Kabla ya hapo alikuwa akiongoza harakati za Wazayuni wa Marekani, na wapo waliomuuliza: moyo wako uko wapi? Jibu lake, mwaka 1915, lilikuwa kwamba utii zaidi ya mmoja ni kosa pale tu unapogongana. Mwairishi anayeitakia Ireland mema haipunguzii Marekani kitu. Shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Louisville ina jina lake, na majivu yake na ya mkewe yamezikwa chini ya baraza ya mlangoni, mahali ambapo wanafunzi hupita na begi mgongoni. Nilisimama pale nikiwaza kwamba wale wazee wawili wanaishi mji mmoja na hoja hii na hakuna aliyewahi kuwasimulia.

Habari za Wayahudi zinawafikia Wakongomani wa hapa kwa njia nyingine. Katika kanisa moja la Wakongomani niliona bendera ya Israeli nyuma ya madhabahu, na kwaya ikaimba Sayuni mpaka jasho likawatoka. Nilimuuliza mchungaji kama anamfahamu Myahudi yeyote wa mjini. Alifikiri, akasema daktari aliyemzalisha mkewe huenda alikuwa Myahudi, hana hakika. Mchungaji huyo aliyafurahia matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani wa Novemba 2024 kwa sababu ya mafundisho ya ndoa. Mwezi Januari 2025 rais mpya akasimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na safari ya dada yake mchungaji, iliyokwisha kupangwa, ikafutwa. Nilimsikia akiomba kwa ajili ya rais na kwa ajili ya dada yake katika sala moja, na sauti yake haikubadilika.

Columbus, Ohio, ni jambo jingine. Hapa mwenye mji, ukizungumzia Waafrika Mashariki, ni Msomali. Baada ya Minneapolis, hakuna jamii kubwa ya Wasomali Marekani kuliko hii. Wana maduka, misikiti, zahanati, madereva wa malori, na wana wabunge: Novemba 2022, Ismail Mohamed na Munira Abdullahi walichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Ohio. Louisville nilisikia watu wakisema siasa ni ya wenyewe. Columbus muuza chai alinieleza mipaka ya majimbo ya uchaguzi kwa kidole juu ya meza, na nani alipita wapi, na kwa nini. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, haitokani na elimu. Wasomali walifika mapema, wakakaa karibu karibu, wakaapa kwa wingi, na aliyeapa anapiga kura. Watu wa Kivu wakitaka kusikilizwa Kentucky, njia iko wazi.

Ila ndani ya hao Wasomali wamo watu ambao Mtanzania hapaswi kuwapita. Ni Wasomali Wabantu, wazao wa Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo, waliouzwa utumwani karne ya 19 na kupelekwa kwenye mashamba ya bonde la Juba. Vita vya 1991 vikawasukuma Kenya, Dadaab. Waliomba kurudi kwa mababu. Wapo waliovuka wenyewe hadi Tanga, na Tanzania ikawapa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadhi yao ikawapa uraia. Wengine, zaidi ya 12,000, Marekani iliwakubali, na kuanzia 2003 wakahamishwa kupitia Kakuma kwenda miji mingi, Columbus ukiwa mmojawapo.

Mzee mmoja wa jamii hiyo alinisalimu kwa Kizigua, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaendelea kwa Kiswahili chake cha kambini. Akasema: "Mwanangu, binamu yangu ni raia wa Tanzania, mimi ni raia wa Amerika. Mogadishu hatukuwa raia wa mahali, tulikuwa watu wa jembe." Alinionyesha kwenye simu picha ya binamu huyo mbele ya nyumba ya matofali huko Handeni, mahindi yakiwa yamefika dirishani. Mjukuu aliyekuwa anatutazama hakujua Kizigua wala Kiswahili. Alikuwa na Kiingereza na Kisomali kidogo. Hilo ndilo lililomuuma mzee kuliko yote. Lugha ilivuka bahari na utumwa, ikakaa Juba zaidi ya miaka 100, na sasa inakwama sebuleni, mbele ya televisheni. Nilimshauri amsemeshe mtoto Kizigua na asikubali kujibiwa Kiingereza. Alicheka kwa upole, akasema mtoto ana saa nane za shule na yeye ana nusu saa ya jioni.

Huko mashariki mwa mji, upande wa Bexley, wanaishi Wayahudi wengi. Nilifika msimu wa Sikukuu ya Vibanda, na nyuani mwa nyumba vilisimama vibanda halisi, kuta za turubai, paa la matawi na mabua ya mahindi, ndani meza imeandikwa chakula. Kijana wa Kikongomani aliyekuwa ananiendesha alipunguza mwendo. Alikuwa amevisoma kwenye Mambo ya Walawi tangu utotoni na hakujua kwamba bado kuna watu wanavijenga. Yeye mwenyewe alipokelewa Columbus na Jewish Family Services, shirika la Kiyahudi. Ndilo lililomtafutia nyumba na kumpeleka benki. Akaniuliza kama Mwafrika anaweza kuwa Myahudi. Nikamsimulia Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, waliomfuata Semei Kakungulu tangu 1919, na rabi wao Gershom Sizomu aliyewahi kuwa mbunge wa Uganda. Mlangoni mwa sinagogi tulilopita palikuwa na gari la polisi. Kwenye msikiti wa Wasomali nilikuwa nimeona vilevile mlinzi.

Kuhusu vita vya Gaza, Columbus hakuna aliyenyamaza. Yule mzee wa Kizigua alisema mambo ya huko yanamnyima usingizi, na binti yake aliandamana chuoni. Jambo nililolitambua kwa heshima ni kwamba hakuyageuza maumivu hayo kuwa chuki juu ya jirani wa Bexley. "Waliouawa kule ni watoto," alisema, "na anayeishi hapa hakuwaua." Ningependa kuyasikia maneno hayo mara nyingi zaidi, misikitini na makanisani kwetu.

Buffalo unakutana na baridi na mpaka. Kutoka mtaa wa Niagara unaiona Kanada ng'ambo ya mto, na daraja la Peace Bridge liko hapo hapo. Mama mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa usaili wa uraia alinitajia kwa furaha swali la orodha ya zamani: taja jimbo moja linalopakana na Kanada. "Hilo nalijibu nikiwa nimelala," alisema. Mengine yalimtesa. Orodha hiyo ilikuwa na maswali 100, mtu akiulizwa hadi 10 na kutakiwa kupata 6. Walioomba kuanzia Oktoba 20, 2025 wana orodha ya 128, wanaulizwa hadi 20, wanatakiwa kupata 12. Ada, kwa fomu ya karatasi, ni dola 760. Kwa mama anayefua mashuka ya hoteli, hizo ni siku nyingi za mgongo. Daftari lake la shule lilikuwa na maswali kwa Kiingereza kwa kalamu ya bluu na matamshi yake kwa Kiswahili kwa kalamu nyekundu, silabi kwa silabi, kazi ya mwanawe wa darasa la sita.

Katika jumba la makumbusho la historia la mji huu kuna jiwe la mchanga lenye maandishi ya Kiebrania na Kiingereza. Liliwekwa mwaka 1825 na Mordecai Manuel Noah, aliyetaka kujenga Ararat, mji wa kimbilio la Wayahudi, kwenye kisiwa cha Grand Island jirani na hapa. Sherehe ilifanyika ndani ya kanisa la St. Paul. Hakuna aliyekwenda kuishi. Lakini wazo lilizunguka dunia likatufikia: mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wazayuni nafasi ya kuishi Uasin Gishu, juu kule Eldoret ilipo leo, bila kuwauliza Wanandi, na 1905 Wazayuni wakaikataa. Mtu aliyefukuzwa kila mahali hutafuta ardhi hata kwenye nchi za watu, na wenye nchi hubaki na swali lao. Sisi wa maziwa makuu tumeyaonja yote mawili.

Yule mama wa daftari naye alipokelewa na shirika la Kiyahudi, lililo kwenye mtandao wa HIAS, chama kilichoanzishwa New York zaidi ya miaka 100 iliyopita kuwasaidia Wayahudi waliokimbia Urusi na ambacho leo kina ofisi hadi Nairobi. Kazi hiyo imekuwa na gharama. Oktoba 27, 2018 mtu mwenye bunduki aliwaua Wayahudi 11 katika sinagogi la Pittsburgh, akiwa ameilaumu HIAS kwa kuleta wakimbizi. Mei 14, 2022, kijana mmoja alikuja Buffalo, kwenye duka la Tops la Jefferson Avenue, akawaua Wamarekani weusi 10, akiamini kwamba kuna njama ya kuwaondoa wazungu na kwamba Wayahudi ndio wanaoipanga. Mama alikuwa akinunua unga duka hilo. Aliacha kwenda kwa miezi. Sasa anakwenda.

Februari 2025 HIAS na wenzake waliishtaki serikali kwa kuufunga mlango wa wakimbizi. Mdai wa kwanza kwenye kesi hiyo ni Mkongomani aliyekuwa Kenya, ambaye safari yake ilifutwa. Jaji wa Seattle aliwapa ushindi wa awali. Mahakama ya rufaa ikaubana sehemu kubwa. Mama anaifuatilia kesi hiyo kwa sababu ana mdogo wake Nyarugusu, aliyezaliwa humo kambini na hajaishi kwingine.

"Kaka, wewe ni wa Kigoma," aliniambia. "Yule mtoto mmemzaa nyinyi. Mbona si raia wenu?" Nilimweleza kwamba mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mwaka 1972. Lilikuwa jambo kubwa, na dunia ililisifu. Wakongomani wa Nyarugusu hawakuwamo. Nilimwambia pia kwamba ningependa wawemo, na kwamba nitaliandika hili nikifika nyumbani. Alisema niandike jina la kambi vizuri, halafu akarudi kwenye swali la 40.