Lori Linazunguka Lakini Haliwaki

Injini ya lori ikizunguka bila kuwaka, watu wengi hulaumu betri. Lakini kama injini inazunguka kwa nguvu, betri na stata ni vizima. Ubovu uko mahali pengine.

Nilianza kazi ya utingo kwenye malori ya pamba mkoani Mwanza. Siku moja mwaka 1986 tulikuwa tunapeleka pamba kiwandani kuchambuliwa. Lori letu kuukuu la dizeli lilizimika karibu na Mto Simiyu, wilayani Magu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Pamba ikilowa hushuka daraja, na bei hushuka pia. Mle ndani mlikuwa na jasho la kijiji kizima.

Abiria walimwambia dereva aendelee kupiga stata. Yeye alikataa. Alisema betri ndiyo akiba yetu. Tukiimaliza, tutalala pale pale.

Ndugu wasomaji, injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel, miaka ya 1890. Ndani yake hewa hubanwa sana mpaka inakuwa ya moto. Dizeli ikinyunyizwa humo, inawaka yenyewe. Dizeli isipofika, injini huzunguka bure.

Dereva aliniambia nitazame bomba la moshi wakati yeye anapiga stata kidogo. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Alijua kwamba dizeli haifiki. Kama moshi mweupe ungetoka, dizeli ingekuwa inafika lakini haiwaki. Hapo ingefaa kumwita fundi.

Tulikwenda hatua kwa hatua:

1. Tulifunga breki ya mkono, tukaweka gia huru na mawe kwenye magurudumu.

2. Tulipima dizeli kwa kijiti kisafi. Ilikuwamo.

3. Tulitazama waya wa kuzimia injini. Ulikuwa umerudi mahali pake.

4. Tulifungua chujio kutazama maji na uchafu. Lilikuwa safi.

5. Tulifuata bomba kutoka tangini. Mpira wake ulikuwa umepasuka kwenye kifungio. Hapo ndipo upepo ulipoingia. Tulikata ncha iliyopasuka, tukafunga tena kwa nguvu.

6. Tulitoa upepo. Tulilegeza skrubu iliyo juu ya chujio, tukasukuma pampu ya mkono. Kwanza yalitoka mapovu. Ilipotoka dizeli tupu, tulikaza skrubu. Tulifanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa.

Dereva alipiga stata mara mbili, akipumzisha betri katikati. Injini iliwaka. Tulifika kiwandani kabla ya mvua, na pamba ilikuwa kavu.

Tangu nilipokuwa dereva, kazi hii nimeifanya mara nyingi. Spana mbili, kitambaa na kipande cha mpira vinatosha. Lakini jihadharini na mambo mawili. Msinyonye dizeli kwa mdomo, maana ikiingia mapafuni inaweza kuua. Tena, msiweke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza. Nguvu yake hupenya ngozi, na kidonda chake kinahitaji hospitali mara moja.

Malori ya siku hizi yenye pampu za umeme na kompyuta yana taratibu zake. Someni kitabu chake kwanza. Lakini kwa lori la zamani, tazameni moshi, fuateni bomba, toeni upepo. Betri itunzeni mpaka mwisho.