Baiskeli, Buibui na Nchi ya Maji

Nilikuwa na umri wa miaka tisa mama yangu aliponishusha kutoka kwenye baiskeli ya kaka yangu. Ilikuwa jioni ya Jumamosi, katika uchochoro wetu wa Kibokoni, na nilikuwa nimekwisha kuipita milango miwili bila ya kushikwa na mtu. Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, utavunjika, na watu watasema," akanishika mkono akanitia ndani. Kaka aliendelea kuzunguka mpaka adhana ya magharibi. Tangu siku ile sikuigusa tena baiskeli kwa muda wa miaka arubaini na miwili.

Nayaeleza haya kwa sababu mwezi wa Juni mwaka uliopita nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi na mumewe katika mji wa Zwolle, Uholanzi, na siku ya pili tu ya kufika kwangu nilimwona akitoka kwenda sokoni juu ya baiskeli, amevaa buibui na mtandio wake kama alivyokuwa akivaa Mombasa, kikapu kikiwa mbele na mwanawe wa mwisho ameketi nyuma. Nilisimama dirishani nikimwangalia hata akapotea. Aliporudi nilimuuliza swali ambalo bila shaka nawe, msomaji, ungelimuuliza: je, buibui haliingii kwenye gurudumu?

Akanichukua hadi uani akanionyesha. Baiskeli ya kike ya Kiholanzi haina lile bomba la juu linalomlazimisha mtu kuinua mguu. Fremu yake imeinamishwa chini hata mwanamke huingia kama anayevuka kizingiti. Cheni yote imefungiwa ndani ya kasha, haionekani na haitoi mafuta. Na pande zote mbili za gurudumu la nyuma kuna kinga iliyotandazwa kama pazia ili nguo isinaswe. Umbo hili lilitokana na zama ambazo wanawake wa Ulaya wenyewe walivaa magauni marefu ya kufika miguuni. Magauni yakaondoka, baiskeli zikabaki vile vile. Nilicheka mwenyewe. Kumbe chombo kilichokuwa kikinifaa kilikuwapo ulimwenguni kabla hajazaliwa bibi yangu.

Mdogo wangu hakujifunzia nyumbani. Alijifunza huko huko, katika uwanja wa shule, pamoja na wanawake kutoka Moroko, Somalia na Shamu, wakifundishwa na bibi wa Kiholanzi waliojitolea. Masomo ya namna hii kwa wanawake wahamiaji hupatikana katika miji mingi ya nchi ile, kwani asiyejua baiskeli kule ni kama asiyejua kupanda feri kwetu: yu nusu ya mfungwa. Naye akanifundisha mimi kwa njia aliyofundishwa yeye. Kiti hushushwa mpaka nyayo mbili zikae chini sawasawa. Pedali hufunguliwa zikawekwa kando. Kisha mtu hujisukuma kwa miguu, kidogo kidogo, mpaka mwili ujue wenyewe kusimama wima. Pedali hurudishwa mwisho. Nilianguka mara mbili, na goti la kushoto lina alama mpaka leo. Siku ya kumi nikazunguka uwanja mzima, na mpwa wangu wa miaka minne akanipigia makofi.

Ndipo akasema tutoke. Tulipanda gari la moshi hadi mji mdogo wa Steenwijk, tukakodi baiskeli mbili, tukaelekea nchi ya maziwa iitwayo Weerribben-Wieden, ambayo leo ni hifadhi ya taifa.

Hatukuhitaji ramani wala simu. Njia za baiskeli kule zimetiwa nambari kwenye kila makutano. Mtu huandika nambari zake kwenye kipande cha karatasi, kisha hufuata vibao kutoka nambari moja hadi nyingine. Utaratibu huu ulianzia Limburg ya Ubelgiji katika miaka ya 1990, kwa wazo la mhandisi aliyewahi kufanya kazi migodini, ambako watu huongozwa gizani kwa alama za makutano. Mdogo wangu alikibandika kikaratasi chetu juu ya usukani, na ikawa ndiyo dira yetu.

Sasa nieleze nchi yenyewe. Ni tambarare kama meza, na maji yake yako karibu sawa na nyasi, hata mtu huona tanga la mashua likipita katikati ya malisho ya ng'ombe na asiuone mfereji. Njia ya baiskeli ina upana wa watu wawili kwenda sambamba wakizungumza. Gari haliruhusiwi kupita. Kwa mwendo wa saa nzima sikusikia honi wala injini. Nilisikia matete yakisuguana, bata, na cheni yangu ikizunguka ndani ya kasha lake. Mimi niliyezoea kuishi karibu na kituo cha matatu nilidhani kwanza masikio yameziba.

Uzuri ule, hata hivyo, haukuwa hivyo tangu asili. Kwa karne nyingi wakazi walichimba udongo mweusi wa mimea iliyooza majini, ambao ukikaushwa huwaka kama makaa, wakawauzia watu wa mijini kupikia na kuota moto. Walichimba mistari mirefu, wakiacha kati yake vipande vyembamba vya ardhi vya kuanikia. Tamaa ilipozidi, vipande vile vikafanywa vyembamba mno. Dhoruba zikaja, mawimbi yakavivunja, na mistari ikaungana kuwa maziwa. Mwaka 1776 kijiji kizima cha Beulake kilimezwa, na ziwa lililo juu yake leo limechukua jina lake. Tulisimama ukingoni. Mashua za matembezi zilikuwa zikipita, watoto wakiogelea. Sikuweza kuacha kufikiri juu ya pwani yetu na malori ya mchanga, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kazi iliyobaki hapo ni ya matete, ambayo hukatwa wakati wa baridi na kuezekea nyumba. Mapaa yao ni manene kuliko makuti yetu, na mteremko wake ni mkali ili mvua isikae. Hata fisi maji, aliyekuwa ametoweka nchini, alirudishwa katika maji haya mwaka 2002. Sisi hatukumwona, ila tulimwona korongo mmoja amesimama kwa mguu mmoja kama mzee anayengoja deni lake.

Kijiji cha Giethoorn ndicho watu wengi huendea, na kwa hakika ni kizuri: nyumba katika visiwa vidogo, kila moja na daraja lake, na sehemu ya zamani haina barabara ya magari kabisa. Nilihisi niko Lamu, isipokuwa punda wamegeuka mashua. Ila wageni walikuwa wengi kupita kiasi na kinjia chenyewe chembamba, ikatubidi tushuke na kukokota baiskeli. Hatukukaa sana.

Mahali palipokaa moyoni mwangu ni Jonen, palipo na nyumba chache tu na kivuko kidogo kinachobeba waendao kwa miguu na wenye baiskeli, basi. Anayezoea feri ya Likoni hawezi kuamini kuwa hicho nacho ni kivuko. Tulivuka na mzee mmoja na mkewe, wote wawili wenye mvi, wakatuuliza tumetoka wapi, na yule bibi akashika kitambaa cha buibui langu akauliza kama si cha moto sana. Ng'ambo ya pili tulitandika leso juu ya nyasi tukasali adhuhuri. Hakuna aliyetukodolea macho.

Hapo ndipo waliponipita wasichana watano au sita, wa umri wa kama miaka kumi na miwili, mikoba ya shule migongoni, wakicheka, bila ya mtu mzima yeyote. Nikaketi chini tena.

Nina binti wa umri huo. Kwa miaka mitatu aliniomba baiskeli, na kwa miaka mitatu nilimkatalia, na kila mara niliona nina haki. Mtoto wa jirani yetu aligongwa na gari la abiria alipokuwa akienda dukani kwa baiskeli ya kaka yake. Niliuona mwili ukiingizwa ndani. Nani angenilaumu? Lakini nilipomkatalia binti yangu sikumwambia habari za gari. Nilimwambia yale niliyoambiwa mimi: watu watasema. Nilijificha nyuma ya heshima kwa sababu kuisema hofu kulinishinda.

Nilimwambia mdogo wangu, "Hawa wenzetu wamejaaliwa. Tangu zamani wana njia zao."

Akanikatiza. "Hapana, dada. Nao walizika."

Akanieleza, nami baadaye nikasoma zaidi, kwamba baada ya vita vikuu vya pili Waholanzi nao walijaza magari miji yao, na baiskeli ikaanza kusukumwa pembeni. Mwaka 1971 pekee zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliungana wakaunda harakati waliyoiita kwa jina lisilo na staha, lenye maana ya "Komesheni Mauaji ya Watoto". Walifunga mitaa, wakaweka meza za chakula katikati ya barabara, wakawapeleka watoto wao kuandamana. Mwaka 1973 ukaja uhaba wa mafuta, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao barabara tupu inafananaje. Njia tuliyokuwa tumeketi kando yake ilikuwa na historia hiyo nyuma yake. Wanawake wengi walikuwamo katika harakati zile, nao hawakuambiwa kwamba wakae ndani.

Tuliendelea hadi Blokzijl, mji mdogo uliokuwa bandari ya bahari. Mwaka 1932 Waholanzi waliifunga ghuba yao kwa boma la urefu wa kilomita 32, bahari ikawa ziwa. Miaka kumi baadaye sehemu ya ziwa hilo nayo ikakaushwa ikawa mashamba. Blokzijl ikabaki na gati lake na nyumba za wafanyabiashara, ila bahari imeondoka. Tulikula samaki tukitazama mashamba yaliyokuwa maji.

Njia ya kurudi ndiyo iliyonitoa jasho. Nchi tambarare haina mlima, lakini ina upepo, na asubuhi yote ulikuwa ukitusukuma pasi na mimi kujua, nikajisifu kuwa nimekuwa hodari. Jioni ukawa upepo wa omo. Mabaharia wetu wangelivumilia. Mimi nilishuka mara tatu. Tulifika Steenwijk jua lingali juu, miguu ikitetemeka, baada ya kilomita kama 30, na usiku ule nililala na viatu.

Niliporudi nyumbani nilimweleza binti yangu habari ya gari. Yote, na kwamba niliogopa. Kisha nikamnunulia baiskeli kuukuu, tukatafuta njia. Mtaani kwetu haipo, wala barabara kuu haifai. Ila siku za bamvua, maji yakitoka mnamo saa nne asubuhi, ufuo wa Nyali hubaki mpana na mchanga wake mgumu kama sakafu, na kwa saa mbili hivi hakuna gari linaloweza kufika. Huenda tukiwa watatu: yeye, mimi, na mama yangu ambaye sasa ana miaka themanini na mbili, akaketi kwenye mkeka chini ya mvinje na thermosi ya chai. Mara ya kwanza alifumba macho. Mara ya pili alimwita mjukuu wake akamwambia afunge buibui vizuri, kwani baiskeli yetu haina ile kinga ya gurudumu.

Anayetaka kufanya hivi akumbuke chumvi. Ukirudi tu, mwagia baiskeli maji matamu mengi, ikaushe, utie mafuta kwenye cheni. Yetu ilishika kutu kwa wiki moja. Wiki iliyopita, alipokuwa akiiosha uani, binti yangu aliniuliza bamvua nyingine ni lini. Nilimwambia atazame mwezi, kwani huja ukiandama na ukiwa mpevu. Akahesabu kwa vidole vyenye povu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.