Mkono Unaouma Haufichwi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenisomea ujumbe wako wa juzi, ule uliomwomba asinionyeshe. Usimkasirikie. Nimefundisha watoto wa watu piano tangu kabla hujazaliwa, na nikisikia kijana anafunga kifundo cha mkono bendeji usiku, asubuhi anaifungua mwalimu asiione, siwezi kunyamaza.

Najua unachoogopa. Mashindano yako karibu, wenzako wanashinda kwenye piano kutwa nzima, na unahisi ukisema unaumwa nafasi yako atapewa mwingine. Hofu hiyo siidharau. Wanaotaka kuishi kwa kupiga matamasha ni wengi, na kumbi zinazowaita ni chache. Ila kuna mtu mmoja nataka umjue vizuri kabla hujakaa tena kwenye kile kiti.

Leon Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Akiwa bado mtoto alikubaliwa kuwa mwanafunzi wa mpiga piano Artur Schnabel, na akiwa na miaka 16 alipiga na okestra ya New York Philharmonic. Mwaka 1952 alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth kule Brussels, Mmarekani wa kwanza kuyashinda. Konseto za Beethoven na Brahms alizorekodi na George Szell na okestra ya Cleveland unazijua. Ndizo nilizokupa usikilize ulipoanza kuchukulia piano kwa uzito. Sikia upya konseto ya kwanza ya Brahms, mkono wa kulia ulivyo na nguvu bila kupiga kelele.

Mkono huohuo ndio uliomwacha. Alikuwa na miaka 36 hivi, anajiandaa kwa ziara ya Urusi ya wakati ule wa Kisovieti. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Hapa naomba usome polepole. Alipoona vidole vinazembea, aliongeza mazoezi. Alidhani ni ulegevu, akaushurutisha mkono, na vidole vikazidi kujikunja. Baadaye yeye mwenyewe alisema waziwazi kwamba alikuwa akijifanyisha kazi kupita kiasi. Ziara ile hakwenda. Alikata tamaa hata akafikiria kuyakatisha maisha yake.

Kilichomrudisha ni kutambua kwamba alichokipenda kilikuwa muziki, na muziki ulikuwa na milango mingine. Alikuwa tayari mwalimu katika chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, akazidisha kufundisha. Akajifunza kuongoza okestra. Akapiga kazi za mkono wa kushoto peke yake, hasa konseto ya Ravel, iliyoandikwa kwa ajili ya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Kazi ile huanzia chini kabisa, katika giza la sauti nzito za okestra, na piano inapoingia msikilizaji asiyetazama hawezi kuamini kwamba ni vidole vitano tu.

Mwaka 1982 alirudi jukwaani Baltimore kwa mikono miwili. Ukumbi ulimshangilia, lakini yeye alijua mkono haujapona, akarudi kwenye kazi za mkono wa kushoto. Ilichukua miaka mingi zaidi kujulikana kwamba ugonjwa wake ni distonia, ambapo ubongo hupeleka amri zisizo sahihi kwa misuli. Sindano za Botox na kukandwa kwa kina vililegeza vile vidole, na mwaka 2004 ikatoka rekodi yake ya mikono miwili baada ya takriban miaka 40. Alifariki mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 92, na hadi uzeeni alikuwa akifundisha.

Sasa turudi kwako. Distonia mara nyingi haiumi, ndiyo maana humchanganya mtu. Mkono wako wewe unauma. Sijui una nini, mimi si daktari, lakini mwili wako bado unakuonya, na onyo hilo ndilo unalolifunika kwa bendeji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu wako hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua. Kama anastahili kuitwa mwalimu, atabadilisha programu yako, atakutafutia kazi isiyo na oktavu nzito, atakuondoa kwenye mashindano ikibidi. Mashindano yatarudi.

Na usidhani ukiacha vibonyezo umeacha kazi. Schnabel alimfundisha Fleisher kuisikia sauti ndani yake kabla kidole hakijagusa kitu, naye akawafundisha wanafunzi wake hivyohivyo. Kaa na nota mezani. Soma mkono wa kushoto peke yake kama mtu asomaye barua, jua kila akordi inaelekea wapi, pumua pale muziki unapopumua. Wewe una tabia ya kuharakisha mwisho wa kila sentensi ya muziki. Hilo halitatibiwa na saa nane za vidole, litatibiwa na sikio. Mpelekee nota mwimbaji mwenzako, msikilize anavyoimba. Pia lala. Umekuwa hulali, mama yako ameniambia hata hilo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mazoezi yoyote, mwone mwalimu wako na umweleze yote, kisha tafuta daktari wa mikono anayewajua wanamuziki. Gharama zikikushinda niambie mimi, usimtwishe mama yako. Ukishatoka kwa daktari nipigie simu, hata iwe usiku.

Mjomba wako akupendaye