Baiskeli Haimalizi Sahani ya Wali

Jamani, wenzetu wa Dar wakitaka kuondoa kitambi wanalipia jimu. Sisi wa Kyela jimu yetu tumeiegemeza ukutani: baiskeli. Huku chini karibu na ziwa ardhi ni tambarare kama meza, unakanyaga pedeli mpaka Itungi hukuti hata kilima kimoja. Basi ushauri wa vijiweni ni mmoja: "Kula bwana, kesho piga baiskeli, jasho litamaliza kila kitu."

Jasho! Kwa joto la Kyela mtu anatoka jasho akiwa amekaa kwenye kiti anacheza bao. Hayo ni maji tu, ukinywa glasi mbili yamerudi.

Mimi mizani ilisoma kilo 94, na presha nayo ikawa imepanda. Daktari akanipa miezi mitatu nipunguze uzito kabla hajafikiria kuniandikia vidonge vya kila siku. Nikachukua kalamu na karatasi.

Mtu wa uzito wangu akiendesha baiskeli saa nzima kwa mwendo wa kawaida anaunguza kama kalori 400 hadi 500. Si haba. Sasa tazama mezani. Wali uliopikwa, gramu 100 ni kalori 130 hivi. Sahani ya Kyela, ile ya kilima, haipungui nusu kilo: hapo tayari ni 650. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese ni 120, na nani kwetu anapikia kijiko kimoja? Ongeza soda, kalori kama 140. Saa yako yote ya kupambana na upepo wa ziwani imekwisha kabla hujafika katikati ya sahani.

Ndiyo maana nacheka nikisikia eti wali wetu ndio unaonenepesha. Mbona babu zetu waliula na hawakuwa na vitambi? Walilima mpunga kwa jembe la mkono, matope magotini, kutwa nzima. Mvuvi wa Matema anayevuta nyavu za usipa usiku kucha naye anakula kilima hicho hicho na mbavu unazihesabu. Sisi tumebaki na sahani ya mkulima, kazi ni ya kukaa dukani, na siku hizi hata sokoni tunapelekwa na bodaboda.

Baiskeli sikuiacha. Naipanda jioni mara nne kwa wiki, maana inasaidia moyo na usingizi unakuja vizuri. Ila kazi kubwa nimeifanyia jikoni: wali nusu, mboga za majani zijae upande wa pili, usipa wa kuchemsha badala ya kukaanga, soda hadi sikukuu. Kuacha wali kabisa sikuthubutu. Mchele wa Kyela ukiiva harufu inafika kwa jirani. Wewe utakuwa nani hata uukatae?

Kwa karatasini, kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza 500 kwa siku unategemea nusu kilo kwa wiki. Mwili nao una ujanja wake: ukiwa mwepesi unatumia kidogo zaidi, mizani inagoma. Mwezi wa kwanza nilipoteza kilo tatu, wa pili moja na nusu, wa tatu moja tu.

Kinachonisumbua ni midomo ya watu. Kwetu ukikonda unaulizwa kwa sauti ya chini, na wengine hawaulizi, wameshajipa jibu la ugonjwa gani. Shangazi aliniita pembeni: "Mwanangu, kama unaumwa niambie mimi." Nikamwonyesha karatasi ya presha, imeshuka. Akaitazama, akarudi jikoni, akanipakulia kilima kile kile. Nusu nilimpa mwanawe aliyekuwa ametoka kuvuna kakao, akaimaliza na kuomba ukoko.