Nani Anayemudu Kusubiri?

Tunapenda kuzungumzia uhuru wa kidijitali kana kwamba ni suala la sheria na leseni pekee. Msimbo ukiwa wazi, tunasema, ni mali yetu sote. Mimi nimeanza kulipima dai hilo kwa kitu kisicho na mvuto wowote: dakika ambazo mtaalamu hukaa akisubiri programu ijengwe na majaribio yake yakamilike.

Chukua OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya huduma za UKIMWI huko Eldoret, Kenya. Umeandikwa kwa lugha ya Java, na hujengwa kwa zana iitwayo Maven. Mara ya kwanza zana hiyo hupakua maktaba nyingi za msimbo kutoka kwenye intaneti. Bando la mwanafunzi huanza kuyeyuka hapo. Kisha huja majaribio. Mengi hayapimi kipande kimoja cha msimbo, bali huamsha karibu mfumo mzima pamoja na hifadhidata ya muda, hata kama kinachohakikiwa ni hesabu ya mstari mmoja. Nimewatazama wanafunzi wangu, kompyuta zao zikivuma kama mashine ya kusaga, betri zilizochoka zikizimika mara umeme unapokatika, kazi ikaanza upya.

Anayesubiri hivyo mara tano kwa siku hujifunza njia ya mkato: huamuru majaribio yarukwe. Simlaumu. Lakini kinachorukwa hapo ni uhakiki wa faili la mgonjwa, yaani kipimo cha dawa na tarehe ya kurudi kliniki.

Tiba zipo, wala si miujiza. Maven inaweza kuamriwa ijenge moduli iliyoguswa na zile zinazofungamana nayo tu. Ijenge moduli kadhaa sambamba. Ifanye kazi bila intaneti, maktaba zikishahifadhiwa. Katika maabara yetu tuliweka seva moja ya kuhifadhi maktaba hizo, kila mmoja akazichota humo kwa waya, na hilo lilitufaa kuliko yote. Kazi ngumu ni kuyaandika upya majaribio mazito yawe mepesi. Hiyo haina sifa: hakuna waziri atakayekata utepe eti majaribio sasa yanamalizika kwa nusu ya muda.

Tena mwenye kompyuta mpya na intaneti isiyokatika halioni tatizo, naye mara nyingi ndiye mpanga vipaumbele. Anayeliona huchoka kabla mchango wake haujapokelewa, kisha sisi tunamwita mtumiaji.

Zabuni za mifumo ya umma nilizopata kuzisoma huuliza bei, usalama, idadi ya kompyuta na siku za mafunzo. Bado sijakutana na inayouliza: mtaalamu wa hapa nchini akibadilisha mstari mmoja, atasubiri muda gani kabla ya kujua kama ameharibu kitu?