Falanga ya Nkambo

Katika jamaa yetu pa Kamina tuko na kitambaa kimoja kilichofungwa fundo. Ndani yake mna falanga 50 ya feza ya mwaka 1944, ile yenye picha ya tembo, iliyopigwa kule Pretoria wakati wa vita. Nkambo, mutu wa reli ya BCK, ndiye aliyeiacha. Kijana wetu akioa, inawekwa ya kwanza mu sahani ya mahari. Wakwe wanaishika, wanaiangalia, kisha inarudi mu kitambaa. Wazee walisema imechukua nafasi ya misalaba midogo ya mukuba, kama ile iliyokutwa mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale.

Sasa sisi, mwalimu wa kemia mwenye diploma ya chuo cha ualimu, tulifanya nini? Mwaka 2006 mutoto wa ndugu yetu alitaka kuoa. Kufungua kitambaa, falanga nyeusi kama chini ya chungu. Tukaona haya mbele ya wakwe. Usiku tukatwaa ndimu na muchanga mwembamba, tukasugua. Asubuhi iling'aa kama sahani mpya. Tulijivuna, tuseme kweli.

Muzee wa upande wa bibi-arusi aliigeuza mara mbili. Dada yake aliolewa kwetu zamani.

«Hii si ile. Ile ya nkambo wenu, mimi niliishika. Hii mulinunua wapi?»

Watu wote kimya. Mahari ikasimama mpaka jioni, paka shangazi yetu alipoleta taa na kuonyesha kakovu kadogo pembeni ambako alikajua tangu utoto.

Weusi ule haukuwa uchafu. Salfa iliyo mu hewa na mu moshi inashikana na feza, inafanya ngozi nyembamba. Tunaiandika ubaoni kila mwaka! Tena falanga ile ni nusu tu feza, 500 juu ya 1000. Sehemu kubwa ya nusu nyingine ni mukuba. Ndimu inakula mukuba wa juu, muchanga unakwaruza yote.

Mwenye falanga kama hiyo aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, aikaushe kwa kitambaa laini, akibonyeza bila kusugua. Iko na njia nyingine: maji moto na bikarbonati mu sufuria ya aluminiamu. Salfa inaacha feza na kufuata aluminiamu, harufu ya yai bovu inatoka. Kwa kijiko, sawa. Kwa falanga ya zamani, hapana. Hata wanaokusanya makuta ya kale wanalipa zaidi ile yenye weusi wake.

Sikio la tembo wetu halionekani tena vizuri. Lakini karibu na herufi weusi umeanza kurudi. Kila sikukuu shangazi anafungua fundo, anaangalia umefika wapi.